Kitundu cha Kulia

Asubuhi ya Jumanne nilichomoa kijiti cha oili
kikatoka na rangi ya chai ya maziwa,
ile ya hotelini, maziwa ya kopo, majani haba.
Nikakipangusa. Nikakirudisha. Nikachomoa tena.
Chai.

Miaka thelathini na mmoja katika maabara ya Bombo
nimesoma damu za watu wa mji huu,
nimeandika majibu kwa penseli, nikayakunja mara mbili,
na bado mtu huyasoma usoni kwangu kabla hajakunjua.
Leo mashua ni yangu, damu ni yake,
nami ndiye niliye kwenye benchi
ningojaye kuitwa jina.

Fundi alikuja Raskazone kwa bodaboda,
spana zake ndani ya kikapu cha ukili:
Nambua Mgonja, aliyekulia kwenye mashine za mkonge
kule ambako, asema, injini haidanganyi,
adanganyaye ni mwenye nayo.
"Umeizima lini?"
Juzi.
"Hujaiwasha tena?"
Sijaiwasha.
"Afadhali. Maji na mafuta yakikorogana, yaache yalale.
Yenyewe yatajitenga."

Akashusha mpira mwembamba kwenye tundu la kijiti
mpaka chini kabisa, penye kina,
akavuta kwa bomba la sindano (langu, la Bombo, nakiri).
Yakaja maji kwanza. Nusu glasi, ya kijivu.
Oili ilifuata nyuma, kwa uvivu, kama mwenye nyumba
aliyemkuta mgeni kakalia kiti chake.

Nikapekua sanduku langu:
ninayo nitreti ya fedha kwenye kichupa cheusi,
tone moja tu, na chumvi hujitangaza kwa wingu jeupe.
Sijafungua kizibo,
naye kashachovya kidole, kalamba, katema baharini.
"Chumvi. Hii ni ya huku nje, si ya rejeta."
Hata hivyo nilidondosha tone langu.
Wingu likaja.

Basi silinda hedi ikaachiwa huru,
maji yake ya kijani yalikuwa palepale kwenye alama.
Ekzosi nayo tukaihoji: nozeli zilitoka, silinda zote mbili kavu,
wala bahari haikurudi kwa mlango wa nyuma.
Ikabaki pampu.
Akalala kifudifudi, tochi mdomoni,
akapitisha ukucha chini ya shingo ya pampu,
akanyamaza muda ambao mimi, mtu wa darubini,
naujua.

"Mzee. Hapa pana kitundu, punje ya mtama.
Huku ni sili ya maji, huku sili ya oili, katikati pameachwa wazi.
Sili ya maji ikichoka, pampu hulia hapa,
nawe ukiliona chozi unajua.
Nani kakiziba?"

Rangi. Kijani ya kopo, na unywele wa brashi umegandia humo.

Mwaka juzi. Siku ya tatu walianua matanga ya Mwanakheri,
wakakunja mikeka, wakaenda zao.
Mimi nikaja huku, ambako matanga ni ya kitambaa,
nikapaka rangi kila kilichokubali kutulia.
Hapo chini ya shingo palikuwa na mstari mweupe wa chumvi.
Niliuona. Niliukwangua kwa kisu.
Nikapaka mara mbili ili ushike.

Dalili, na mimi nikaipendezesha.
Hakulisema hilo. Alitoa pini kwenye mtandio wake,
akachokoa mpaka kijiganda kikadondoka,
kisha tukapatana bei, na hakushuka hata mia tano.

Oili tutabadilisha mara tatu:
ya kwanza itatoka chai, ya pili uji,
ya tatu, Mungu akipenda, asali.
"Ukiona panalia," alisema akipanda bodaboda,
"usipafute ukadhani umetibu. Niite."

Nyumbani Chumbageni lipo kabati
nililolipiga misumari miwili.
Halikuwa swali la fundi.

Sili zinatoka Dar kwa basi, Alhamisi.
Kile kioo cha maji ya kijivu nimekiweka dirishani,
na karatasi ya jina, na tarehe, kwa penseli.
Pa majibu sijapajaza.